Uzoefu wangu: WD-40 kwa gundi iliyobaki kwenye boneti baada ya kubandua plastiki

Kwa mwenye haraka: WD-40, ile dawa ya kopo ya kupulizia, inaondoa gundi ya plastiki kwenye rangi ya gari, na inaiondoa vizuri, mradi uiache ilowanishe gundi kwanza. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile iliyopungua ni kwa sababu ya taa za mbele, nitafika huko.

Gari ni Toyota Harrier nyeusi niliyoinunua hapa Dar kwa mtu aliyeitumia kabla yangu. Mwenyewe wa mwanzo aliibandika plastiki ya kulinda rangi kwenye boneti, vioo vya pembeni, sehemu za vitasa vya milango na taa za mbele. Nia yake naielewa, maana ukifuata lori la kokoto barabara ya Morogoro boneti ndiyo inayoumia. Shida ni aina ya plastiki. Ile nzuri ni ya polyurethane, inanyumbuka, na ukiipasha moto inatoka shuka zima. Hii ilikuwa ya PVC, ya bei ya chini, na jua likishaipiga miaka kadhaa ile hali yake ya ulaini inakwisha. Ilikuwa imegeuka manjano na kupasukapasuka. Ukivuta kona, kinakatika kipande cha ukubwa wa kucha, na gundi yote inabaki chini.

Na gundi yenyewe haikuwa ya kawaida. Ni ya akriliki, na joto na jua huzidi kuikaza kadiri inavyokaa. Kwenye boneti ilikuwa kama utando wa rangi ya chai, umejaa vumbi, na mvua ikinyesha unabaki na mabaka meupe yasiyotoka kwa sabuni. Ukiosha gari asubuhi, jioni mabaka yamerudi kwa sababu vumbi linaganda palepale.

Nilipopita gereji, fundi rangi aliiangalia mara moja akasema, "Bosi, lete thina robo lita, hii nusu saa imekwisha." Nilimshukuru nikaondoka nalo gari, na hapa nataka wasomaji wanielewe vizuri, kwa sababu ushauri huu unatolewa kila mtaa. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi, kwa hiyo inavumilia mengi. Rangi iliyopigwa huku mtaani ni habari nyingine. Ikichanganywa na hadna, yaani dawa ya kukaza rangi, inakomaa na kuwa ngumu. Lakini kuna rangi za bei rahisi zisizo na hadna, ambazo hukauka kwa thina kuondoka tu hewani. Rangi ya namna hiyo ukiirudishia thina inayeyuka tena, na kitambaa kinatoka cheusi. Fenda yangu ya kushoto ilishapigwa rangi upya, ukingo wa raba pale ndani una vumbi la rangi linaloonyesha wazi. Sijui fundi aliyeipiga alitumia nini, na sikutaka thina inijibu.

WD-40 ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Gundi haikuwa kazi yake. Ila sehemu kubwa ya kilichomo ni vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa ambavyo havikauki upesi, na faida yenyewe iko hapo. Petroli na thina zina nguvu, lakini zinakauka kabla hazijapenya, ndipo mtu anaanza kusugua kwa hasira na kuchora rangi. Gundi haitaki nguvu, inataka kuloweshwa mpaka iachie yenyewe.

Nilivyofanya ni hivi. Gari nililiosha kwa sabuni kwanza, mchanga wote ukatoka, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kuacha mikwaruzo ya duara kwenye rangi nyeusi. Nikaliweka kivulini. Kwenye jua bati la gari jeusi linachemka kiasi kwamba dawa yoyote inapotea hewani hujaanza kazi. Vipande vya plastiki vilivyobaki nikavipasha kwa drai ya nywele, nikiishika mbali kidogo na kuizungusha isikae sehemu moja, mpaka bati linakuwa la moto ila mkono bado unavumilia. Hapo plastiki inalainika, unaianza kwa kucha na kuivuta taratibu ikilala karibu na bati. Usiivute kuelekea juu. Ukivuta kwenda juu inakatika, na kama rangi ni ya mtaani inaweza kuondoka nayo.

Baada ya hapo nikalowanisha kitambaa kwa WD-40 na kukilaza juu ya gundi, eneo la ukubwa wa sahani, nikaliacha. Sikupulizia moja kwa moja kwenye boneti, maana inatiririka hadi kwenye raba za kioo na mianya ya maji, na raba hazipendi mafuta. Dakika kama tano hivi zinatosha kwa gundi laini, ile iliyoungua inahitaji zaidi. Utajua imeiva ukiipitishia kidole: inaanza kujikunja, inakuwa vijinyuzi vya rangi ya kahawia vinavyokusanyika mbele ya kidole. Hapo kadi ya benki iliyoisha muda, ukiizungushia kitambaa laini, inavisukuma vyote kando. Wembe usiulete karibu, hata kama umeshika mkono mtulivu namna gani. Klia, lile tabaka la juu la rangi lisilo na rangi, ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa, ukiikata hairudi.

Jambo moja ambalo watu hulipuuza ni kubadilisha kitambaa. Gundi iliyoyeyuka haipotei, imehamia kwenye kitambaa tu. Ukiendelea na kilekile unaipaka upya sehemu uliyokwisha kusafisha. Mimi nilikata fulana kuukuu za pamba vipande vingi, nikawa natumia upande, nageuza, natupa. Kitambaa cha maikrofaiba nilikihifadhi kwa kufutia mwisho.

Nilijaribu na vitu vingine kwenye boneti hiyohiyo ili nilinganishe. Mafuta ya taa yanafanya kazi ileile kwa bei ndogo zaidi, ila yanachelewa kidogo, yanaacha utando mzito, na harufu yake inakaa kwenye mikono na kwenye gari. Kama bajeti imebana, tumia bila wasiwasi na uoshe vizuri. Mafuta ya kupikia ya alizeti nayo yanalainisha, polepole sana, lakini yanafaa kwenye vitasa vya milango ambako gundi ilikuwa changa. Spiriti ya hospitali, ile ya asilimia 70, haikuiweza gundi iliyoungua. Rafiki mwenye gereji aliniazima kopo la 3M Adhesive Cleaner, na kusema kweli lile ndilo lenye kasi kuliko vyote: gundi inaachia upesi, na halibakishi mafuta mengi. Lakini harufu yake ni kali, inataka sehemu yenye hewa na glavu mkononi, na hapa mjini kulipata ni kutafuta. WD-40 unaipata karibu kila duka la spea na la vifaa vya ujenzi, na kwangu hilo lina uzito. Zote hizi, bila kubagua, zinawaka moto. Sigara na jiko viwe mbali.

Sasa taa za mbele, ambako ile nyota ilipotea. Kioo cha taa za magari ya siku hizi ni plastiki ya polycarbonate, na watengenezaji wa WD-40 wenyewe wanasema isitumike kwenye plastiki hiyo. Petroli na thina ndizo mbaya zaidi, zinaweza kuleta nyufa ndogondogo ndani ya plastiki ambazo hakuna polishi ya kuziondoa. Kwa hiyo aliyebandikiwa plastiki kwenye taa, kopo hili halimsaidii pale ambapo uharibifu unaonekana zaidi. Mimi nilitumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, taulo iliyolowana ikalala juu ya taa muda mrefu, halafu kidole gumba kikafanya kazi. Mabaki ya mwisho nikayafuta kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, nikasuuza papo hapo. Ilichosha kuliko boneti nzima, lakini taa zimetoka safi.

Gundi ikishaisha, kazi bado. WD-40 yenyewe ni mafuta, na boneti itang'aa kiasi cha kukudanganya kwamba umemaliza. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha, kisha pitisha spiriti. Halafu vaa mfuko mwepesi wa nailoni mkononi, ule wa kufungia mboga, na upitishe vidole juu ya bati. Kupitia nailoni mkono unahisi chembe ambazo macho hayazioni, na ukikuta sehemu inakwaruza ujue gundi ipo bado. Mimi niliikuta kwenye ukingo wa mbele wa boneti, karibu na nembo, nikarudia hapo tu. Nta ipakwe baada ya hapo, maana juu ya mafuta haishiki.

Kuna mstari mmoja umebaki, pale plastiki ilipoishia katikati ya boneti. Si gundi. Rangi iliyokuwa imefunikwa haikupigwa na jua sawa na iliyokuwa wazi, na hakuna dawa ya gundi itakayolifuta hilo. Fundi aliupiga kompaundi, dawa ya kusugulia rangi, kwa mashine, umefifia, ila ukisimama pembeni jua likiwa chini bado unauona. Anayefikiria kubandika plastiki leo, amuulize muuzaji kama ni polyurethane au PVC, na aandikiwe kwenye risiti.