Kubadilisha hatua kampeni ikiwa hewani: uzoefu wangu na programu ya imeli za mauzo

Tunauza hita za maji za sola kwa hoteli na loji, Zanzibar na kanda ya kaskazini. Watu wa kumpigia simu kila meneja hatuna, kwa hiyo tunalipia programu inayotuma imeli kwa zamu: ya kwanza ya kujitambulisha, kisha inasubiri, aliyekaa kimya anapata ya pili, hivyo hivyo mpaka ya tano. Kila imeli ni hatua, na mfululizo mzima ndio kampeni. Akijibu, inamwacha. Jina la programu silitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, na wenzangu wanaotumia za kampuni nyingine wanakutana na mambo yale yale.

Nitazungumzia zaidi kubadilisha hatua kampeni ikiwa inaendelea, maana kwetu jambo hilo halikwepeki. Dola ikipanda, bei ya tangi la lita 300 nayo inapanda. Masika yakiingia, Aprili na Mei, loji nyingi zinafunga, na imeli inayouliza "naweza kupita wiki ijayo?" inamkuta meneja yuko kwao likizo. Huwezi kungoja kampeni iishe ndiyo urekebishe.

Ukiifungua unaona visanduku vya hatua vimepangwa juu kwenda chini, katikati yake siku za kusubiri, na pembeni ya kila kisanduku idadi ya watu waliopo hapo. Anza na idadi hiyo. Maneno mapya ya hatua ya tatu yanawafikia tu wale ambao hawajaipata. Aliyekwisha kuipokea anayo bei ya zamani mkononi. Matokeo yake, kwenye hatua ya nne utakuwa na makundi mawili pamoja, waliosoma bei ya jana na waliosoma ya leo. Ndiyo maana bei ikibadilika naandika upya hatua zote mbili: ya tatu inapata bei mpya, na ya nne inaitaja tena waziwazi pamoja na tarehe yake ya mwisho, badala ya kusema "kama nilivyokueleza". Kuna programu nyingine zinazowaacha waliokwisha kuingia waendelee na toleo la zamani, mabadiliko yakawahusu wanaoingia baadaye tu. Kabla hujalipa, uliza yako iko upande gani.

Kubadilisha maneno kwenyewe ni kwepesi, hapo sina neno. Unaandika, unahifadhi, kampeni haisimami. Tahadhari ni mbili. Hatua za kufuatilia huwa tunaziacha bila kichwa cha habari ili ziende kama jibu chini ya imeli ya kwanza. Ukijaza kichwa, zinaanza mazungumzo mapya na mteja hakumbuki wewe ni nani. Ya pili ni takwimu. Ukifuta maneno ya zamani na kuweka mapya ndani ya kisanduku kile kile, asilimia ya waliojibu inachanganya maandishi yote mawili na hutajua lipi limefanya kazi. Mimi naongeza toleo la pili la hatua hiyo, kisha nazima la kwanza. Idadi zinakaa mbalimbali.

Sasa malalamiko. Nilipunguza muda wa kusubiri kati ya hatua ya pili na ya tatu, kutoka wiki moja hadi siku tatu. Programu haikunionya chochote. Kila aliyekuwa amekwisha subiri zaidi ya siku tatu akahesabiwa kwamba zamu yake imefika, wote kwa mpigo, na foleni ya asubuhi ikafura. Kilichotuokoa ni kikomo cha kutuma kwa siku, ambacho tumekiweka chini makusudi. Bila hicho, anwani yetu ingeonekana kama ya mtuma spamu, yaani imeli za kero zisizoombwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kamba: kila mtumaji athibitishe kikoa chake (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Masharti mazito zaidi ni ya wanaotuma 5,000 kwa siku kwenda juu, nasi hatuko hata karibu, ila anwani ikichafuka kuisafisha ni kazi. Kijidirisha kinachosema "watu kadhaa watatumiwa leo, uendelee?" kingegharimu nini?

Kufuta hatua ndiyo sifanyi kabisa, kwa sababu takwimu zake zinapotea nayo. Na kuongeza hatua mwishoni hakuwarudishi waliokwisha kumaliza. Hao inabidi uwaingize kwenye kampeni mpya.

Jambo dogo la kusifu: nilipotaka kila hatua iwe na mstari wa kujitoa kwenye orodha, kwa ajili ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika hapa Tanzania Mei 2023, niliuweka kwenye sahihi ya mwisho wa imeli mara moja ukaenda kwenye hatua zote zilizobaki. Pia sehemu ya jina ikiwa tupu unaweza kuweka neno la akiba. Sisi tumeweka "Ndugu Meneja", afadhali kuliko "Habari" inayofuatwa na mkato mtupu.

Kwa ofisi ya wauzaji wawili watatu naipendekeza. Kwa timu kubwa nasita, kwani haina kumbukumbu ya nani kabadilisha nini na lini. Mwenzangu wa Arusha akigusa hatua usiku, mimi Unguja najua asubuhi, mteja akinipigia kuulizia punguzo ambalo sikulitoa.