TAHADHARI: Kijana wa matangazo ya Google hapa Nakuru

Wenye biashara wa Nakuru, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna kijana anazunguka maduka ya mjini na laptopu, anaahidi kuweka biashara yako juu kabisa kwenye Google. Mimi napiga dawa ya kunguni majumbani, na amekula Sh42,000 zangu. Amenipora wateja wangu pia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alikuja ofisini shati limechomekwa, "Mama" kila neno, akakataa kiti mpaka nikamkaribisha tena. Akafungua laptopu kwenye kaunta, kando ya pampu za dawa, akanieleza vizuri: mtu akitafuta "kupiga dawa ya kunguni Nakuru", tangazo langu linatokea, na Google inakata pesa pale tu mtu anapolibofya. Hayo ni kweli kabisa. Akataka Sh30,000: elfu 25 za Google, elfu 5 za jasho lake. Nikampa elfu 10 za kuanzia. Kesho yake akarudi. "Mama, usiniamini mimi. Chukua simu yako mwenyewe, utafute." Nikaandika kwa mkono wangu. Jina la biashara yangu likatokea la kwanza, na nambari yangu chini yake. Kwa simu yangu! Nikamtumia salio hapo hapo. Nani angekataa? Hakuniomba PIN, risiti yenye muhuri alinipa, na aliletwa na mtu wa chama chetu ambaye sote tunamheshimu.

Kumbe tangazo kuonekana tu hakukati pesa. Hata angeweka mia chache, ningeliona vile vile.

Simu zikaanza. Mtu wa Mombasa. Mtu wa Kitale anauliza chupa ya dawa ni pesa ngapi. Mwingine anatafuta kazi. Nikilalamika, "Mama, mtambo bado unajifunza, ongeza kidogo." Nikaongeza Sh12,000. Baada ya hapo, kimya.

Halafu mteja wangu wa zamani wa Section 58 akanipigia akifoka: vijana wako wamepuliza maji matupu, kunguni wako vile vile! Vijana gani? Sikuwa nimetuma mtu. Alikuwa ametafuta jina langu akapiga nambari iliyokuwa kwenye tangazo. Jina langu, lakini nambari sasa ni ya mtu mwingine! Mpwa wangu akabofya vidoti vitatu kando ya lile tangazo, pale Google inapoonyesha jina la mwenye kulitangaza. Si langu. Akaunti aliifungua kwa imeli yake, kwa hivyo sina paswadi, sina stakabadhi ya Google, siwezi hata kulizima. Naye tangu nimuulize, simu yake haipatikani.

Nimeona haya hata kumwambia mume wangu. Lakini huyu kijana lazima alale ndani. Kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu ni kifungo cha hadi miaka 3 kwenye Kanuni ya Adhabu, na kwangu hiyo ni kidogo mno. Na huyo anayepokea simu zangu na kupulizia watu maji, ashikwe pamoja naye, arudishe kila senti aliyolipwa kwa jina langu. Jina hilo nimelijenga kwa kubeba pampu mgongoni nyumba kwa nyumba, Kaptembwo mpaka Lanet.

Mtamjuaje? Hataki akaunti ifunguliwe kwa imeli yako wala Google ilipwe kwa kadi yako. Atakuonyesha picha za skrini, si akaunti yenyewe. Anasema amenunua nafasi ya kwanza. Haiuzwi, ni mnada unaopigwa upya kila mtu anapotafuta. Mwambie pia akuonyeshe maneno ambayo watu waliandika kabla ya kubofya, na eneo alilochagua. Wangu hakuwahi, ndiyo maana nilikuwa nalipia Mombasa.

Jumatatu naenda polisi na risiti na meseji za M-Pesa. Mliolipa huyo kijana, msinyamaze kwa aibu, niandikieni inbox twende pamoja. Na kama ulipigiwa dawa kwa jina langu na watu wasio na ovaroli zetu za kijani, nipigie kwa nambari iliyo kwenye mlango wa ofisi, si ile ya Google.