Risiva nyota nne, duka hata nusu haliipati

Kama una risiva ya sinema ya nyumbani, ile mashine inayoendesha spika, nayo inajizima katikati ya raha, usikimbilie duka lililokuuzia.

Yangu nilinunua duka moja kubwa hapa Kampala, na kijana wao ndiye aliyekuja kunifungia nyumbani Mengo. Sauti ikiwa ya chini, haina neno. Ipandishe kidogo besi ianze kugonga: tap! Kimya, taa nyekundu inakonyeza. Ilinifanyia hivyo Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira, wanakwenda kupiga kona, sebule imejaa majirani. Nikaapa kwamba ni takataka.

Nikaibeba mpaka dukani, na uzito wake ule. Jamaa wa kaunta anatafuna karanga, macho kwenye simu. Hakuichomeka, hakuigusa. "Mzee, umeme wa huko kwenu mdogo. Chukua stabilaiza." Huko kwenu wapi? Mengo! Lakini umeme wetu jioni hushuka kweli, nikatoa shilingi 150,000. Usiku uleule, tap! Niliporudi akanionyesha risiti kwa kidole chenye maganda ya karanga: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Simu hata hakuiweka chini.

Fundi wa Katwe alikuja kwa boda. Kwanza alichomoa spika zote, akaiacha mashine iwake peke yake. Ikawaka mpaka tukachoka kuitazama. "Ndani ni nzima, mzee. Shida iko kwenye waya." Akamulika nyuma kwa tochi ya simu. Pale kwenye spika ya mbele ya kushoto, uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umechomoza kwenye tundu jekundu ukainamia jeusi. Besi ikigonga waya unatikisika, vinagusana, risiva inajizima isiungue. Yule kijana alimenya waya ovyo, wala hakuusokota! Fundi akausokota, akakaza, akachukua elfu ishirini zake.

Sasa niipe nyota ngapi? Ilikuwa inajilinda, isingejizima, transista zake zingeshakwenda. Nne, basi. Ila mashine ya bei hii kwa nini ikonyeze tu, isiseme kinachoiuma? Tatu. Juzi nimeipandisha mpaka vikombe vikalia kabatini, haikuzima. Haya, nne.

Duka halipati kitu. Stabilaiza yao nimeihamishia kwenye friji na inafanya kazi vizuri sana, jambo linaloniudhi zaidi.