Uzoefu wangu: nilivyoutazama mkutano wa The Fresh Prince of Bel-Air

Kama uliipenda The Fresh Prince of Bel-Air, ile komedi ya televisheni ya Marekani kuhusu kijana Will (Will Smith) anayekwenda kuishi kwa mjomba wake tajiri, usiishie kwenye vipindi vyake 148. Tafuta ile programu maalumu ya HBO Max ya mwaka 2020, waigizaji walipokutana tena miaka 30 tangu kituo cha televisheni cha NBC kirushe kipindi cha kwanza, Septemba 10, 1990. Sebule ya akina Banks, familia ya mjomba huyo, imejengwa upya, nao wamejaa kwenye sofa wakikumbushana. Kwangu mimi ni nyota tano.

Aliyenishika moyo ni Janet Hubert, mwigizaji wa kwanza wa Aunt Viv, mke wa mjomba. Tuliojiuliza miaka yote kwa nini baada ya msimu wa 3 nafasi yake ilikwenda kwa Daphne Maxwell Reid, tunapata jibu kutoka kinywani mwake. Alikuwa mjamzito, ndoa inamwelemea, na mkataba mpya aliopewa ulimbana mno, akaukataa. Ikavuma kwamba amefukuzwa. Anamwambia Will Smith ana kwa ana kwamba mwanamke mweusi akishabandikwa jina la msumbufu Hollywood, kazi ndiyo basi tena. Will hajitetei. Anakiri alikuwa kijana mwenye hofu nyingi, na hakujali mwenzake anapitia nini. Miaka 27 walikuwa hawazungumzi! Machozi yalinitoka.

Nikarudia kile kipindi cha msimu wa 2, Aunt Viv anapotimiza miaka 40 na kurudi kwenye dansi. Mwangalie vizuri akiwa na vazi lake la waridi, wale wasichana waliombeza wanavyobaki kinywa wazi. Yule ni mchezaji dansi wa kweli, alishapanda jukwaa la Broadway. Sasa namwangalia kwa heshima mpya.

Rudia pia msimu wa 1, umkazie macho Will wenzake wanapoongea. Midomo yake inacheza! Alikuja kwenye uigizaji akitokea kwenye rap, ana deni kubwa la kodi, akaogopa kuharibu, basi akakariri maneno ya kila mtu. Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona. Na ile dansi ya Carlton, binamu yake Will, mwigizaji wake Alfonso Ribeiro ameshaeleza kwamba aliichota kwa Courteney Cox kwenye video ya Bruce Springsteen na kwa Eddie Murphy.

Kwenye mkutano huo, sehemu ya kumkumbuka James Avery, aliyeigiza Uncle Phil, yule mjomba, na aliyefariki Desemba 31, 2013, ningeirefusha. Yule mzee alimfinyanga Will kikazi. Katika kipindi cha msimu wa 4 ambapo baba wa mhusika Will anamtelekeza tena, wengi huamini Will Smith alikuwa akimlilia baba yake mzazi. Sivyo, baba yake alikuwepo maishani mwake. Alichotaka ni sifa kutoka kwa Avery, na Will mwenyewe amesimulia kwamba Avery, akiwa bado amemkumbatia mbele ya kamera, alimnong'oneza sikioni kwamba sasa hapo ameigiza.

Tazama kwanza vipindi hivyo viwili, cha dansi na cha baba, ndipo uingie kwenye mkutano wao.