Mputu au LuaLua: njia mbili za fundi wa chenga

Vijana wa Kamalondo, mtaa wetu hapa Lubumbashi, Kongo, wenye mbio na chenga wanauliza swali lile lile: kubaki TP Mazembe, klabu yetu ya soka, au kutafuta Ulaya? Tuwatazame wawili, wote wazaliwa wa Kinshasa.

Lomana LuaLua alikulia Uingereza, akaanzia Colchester, na mwaka 2000 akasajiliwa na Newcastle. Baadaye Portsmouth, kisha Olympiacos ya Ugiriki. Sarakasi zake baada ya kufunga zilijulikana kote. Leopards, timu yetu ya taifa, nao walimpata: alikuwa nahodha kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2006, tukafika robo fainali. Mshahara na jina, hapo hana mpinzani.

Trésor Mputu yeye tulimwona kwa macho yetu, hapa hapa Lubumbashi. Alipopokea mpira, beki alianza kurudi nyuma kabla hajaguswa. Bega likienda kushoto, mpira ulikwenda kulia. Mwaka 2009 alitwaa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mashindano, kisha akabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika na Mazembe. Mwaka 2010 FIFA ikamfungia miezi 12 baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi kule Rwanda. Mazembe wakacheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu bila yeye, wakafungwa 3-0 na Inter ya Italia. Inaniuma hadi leo.

Kwa mataji, namchagua Mputu bila kusita. Na kijana wa miaka 18 aliyepata namba Mazembe, ningemwambia abaki kwanza: mechi za klabu za Afrika za CAF zinamkomaza kuliko benchi la Ulaya.