Raspberry Pi 4, HiFiBerry DAC2 Pro na Yamaha HS5: mtambo wa muziki kwa nyumba ya Mwanza

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, kadi ya sauti ya HiFiBerry DAC2 Pro iliyopachikwa juu yake, programu ya bure ya kucheza muziki iitwayo moOde, na jozi ya spika za Yamaha HS5. Kwa fundi sauti anayetaka kusikia nyumbani kile anachokisikia studio, mtambo huu tunausifu bila kusita. Ila ukiufunga Isamilo, Bwiru au Capri Point, umeme na mwamba ulio chini ya nyumba vina sauti kubwa kuliko chipu.

Kadi yenyewe haina la kulaumiwa. Ina chipu ya PCM5122, na kadi inasoma hadi biti 24 na kHz 192. Ina saa mbili, moja ya muziki wa kHz 44.1 na nyingine ya kHz 48, kwa hiyo kila faili huchezwa kwa mwendo wake wa asili. Kuifunga ni kazi ndogo: zima umeme, kandamiza kadi kwenye pini 40 mpaka ikae sawasawa, washa, fungua moode.local kwenye kivinjari cha simu, kisha chagua HiFiBerry DAC2 Pro.

Kosa la wengi ni kutumia chaji ya simu. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63 inapunguza kasi, na muziki unaanza kukatika. Kuhakiki, andika vcgencmd get_throttled kwenye dirisha la amri la Pi. Jibu la 0x0 ni salama. 0x50000 maana yake umeme ulishapungua tangu uiwashe. TANESCO wakikata ghafla, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, hivyo UPS ndogo, yaani betri ya akiba, si anasa.

Sasa mvumo. Ukisikia “mmmm” nzito ya Hz 50, chomoa kwenye kadi kebo za RCA zinazokwenda kwenye spika. Mvumo ukinyamaza, kuna mzunguko wa ethi, yaani vifaa vimeungana na ardhi kwa njia zaidi ya moja, na mara nyingi chanzo ni waya wa HDMI unaokwenda kwenye televisheni iliyounganishwa na king'amuzi na dishi la juu ya bati. Toa HDMI, moOde haihitaji skrini. Vifaa vyote viwe kwenye soketi moja. Usikate kamwe mguu wa ethi kwenye plagi!

Nyumba za mlimani zina tatizo la ziada: mawe ya matale hayapitishi umeme vizuri, na fimbo ya ethi ikigonga mwamba mapema haifanyi kazi yake. Fundi apime kwa kipimo cha ethi. Pasipochimbika, alaze waya mtupu wa shaba kwenye mtaro mrefu wenye udongo unaotunza unyevu. Hili si la sauti tu. Radi za ziwani ni kali, na kizuia radi cha kwenye soketi hakina msaada mkubwa bila ethi nzuri. Mawingu yakifunga, chomoa plagi, na kebo ya rauta pia.

Kuhusu boksi, nunua la alumini lisilo na feni, kwani feni huvuta ndani vile vijidudu vya ziwa vinavyofuata taa usiku. Lakini boksi la metali huziba Wi-Fi, nazo kuta za tofali za saruji huidhoofisha zaidi. Vuta kebo ya mtandao kutoka kwenye rauta.

Bando nalo lina hesabu yake. Spotify ya kbps 320 inakula MB 144 kwa saa. Ubora wa CD usiobanwa ni MB 635. FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kupoteza ubora, huupunguza karibu nusu. Albamu unazorudia kila wiki ziweke kwenye diski ya USB.

Spika zinahitaji kebo ya RCA kwenda jeki mono ya mm 6.35. Kadi inatoa volti 2.1, nyingi kwa HS5, basi anza na kirungu cha LEVEL kikiwa chini. Kitundu cha besi kiko nyuma. Zikikaa karibu na ukuta, shusha ROOM CONTROL hadi -2, au -4 zikibanwa kwenye kona. Chumba cha vigae na saruji kinarudisha mlio: piga kofi, ukisikia mwangwi wa haraka-haraka, tandika zulia na tundika pazia zito kabla ya kugusa swichi yoyote.

Udhaifu wa HS5 ni mchirizo mwembamba wa “ssss” usiku wa kimya, na besi inayoishia takriban Hz 54. Anayechanganya ngoma kubwa za Kisukuma atapungukiwa na kishindo cha chini; huyo achukue HS8, inayoshuka hadi Hz 38, kama chumba chake kinaitosha.