Jimu ya Tabata, Dar es Salaam, niliyoanza nikiwa na kilo 112, mazuri yake na mabaya yake

Naandika hii kwa ajili ya mtu mwenye mwili mkubwa anayetaka kuanza mazoezi ila anaogopa, hasa wanawake wenzangu. Nina miezi mitano sasa kwenye hii jimu, nalipa kwa hela yangu kila mwezi, hakuna aliyenituma wala kunipunguzia bei. Jina lake siandiki kwa sababu nina ya kusifia na nina ya kulaumu, ila wa Tabata mtaijua tu, iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ghorofa ya kwanza, ngazi 22 mpaka mlangoni. Siku ya kwanza nilizihesabu moja moja nimeshika ukuta.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa. Kwenye msimu wa sikukuu naweza kukaa masaa kumi, nainuka kwenda chooni na kuswali basi. Urefu wangu ni mita 1 na sentimita 63, kilo zilikuwa 112, ukichukua kilo ukagawanya kwa urefu mara urefu inakuja 42, na Shirika la Afya Duniani wanahesabu kuanzia 30 kwamba huo ni unene uliopitiliza. Presha nayo ilishaanza kupanda na magoti yalikuwa yanauma kiasi kwamba miaka miwili nilikuwa naswali kwenye kiti. Hilo la kiti ndo lililonitoa nyumbani, kilo zenyewe nilishazizoea.

Hii siyo jimu yangu ya kwanza. Mwaka juzi nilijiunga sehemu nyingine, siitaji, nikakaa siku nne. Siku ya kwanza tu kocha alinipandisha kwenye mashine ya kukimbilia akaweka spidi ya kukimbia, hakuniuliza chochote, sijui presha sijui magoti, anapiga makofi twende kibonge twende. Nikakimbia kwa aibu maana watu wanaangalia, usiku ule goti la kushoto likavimba. Siku ya nne nikakuta picha yangu nimeinama nimechoka ipo kwenye grupu lao la wateja, imeandikwa tumeanza na huyu subirini muone baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyeniomba. Nililia sana na sikurudi, na hela ya mwezi sikurudishiwa. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nawajua wanawake watatu mtaani kwangu walioacha kwa mambo ya namna hii hii, na watu wanasema mabonge ni wavivu, wakati mtu alishavaa raba akatoka nyumbani akalipa akaja, kilichomrudisha ni alivyopokelewa.

Sasa hii ya juu ya duka. Nilipofika kocha alivuta viti viwili tukakaa pembeni, akatoa daftari. Dada una presha? Sukari je? Kuna dawa unatumia? Umewahi kufanyiwa opereshini? Goti gani linauma, ukipanda ngazi au ukishuka? Nikamwambia nikishuka. Hakunipima uzito mbele za watu, kuna chumba kidogo cha stoo ndo mzani upo, akafunga mlango, akanipima na kiuno kwa futi ya kitambaa kama yangu ya kazini, sentimita 124. Alafu akasema leo hatufanyi zoezi, nenda kapime presha dispensari uniletee majibu. Yaani nimekuja na hela mkononi ananiambia niende nikapime kwanza. Nikapima ikasoma 148 kwa 94, daktari akanipa ruhusa ya mazoezi mepesi na akanipangia siku ya kurudi. Kwangu mimi nyota zote nampa hapo, hata kabla sijagusa chuma.

Na hakunianzisha na mashine ya kukimbilia. Alinieleza vizuri kwamba goti linabeba kuliko mzani unavyosoma, kila kilo moja unayopungua inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua, kwa hiyo mwanzoni tuimarishe miguu kwanza ndo tuanze kudai mbio. Tukaanza na baiskeli ile ya kukaa yenye kiegemeo cha mgongo, dakika tano. Kisha ile mashine unakaa unasukuma kwa miguu, wenyewe wanaita legi presi, kilo 20. Kisha kusukuma kifua, kisha kuvuta chuma cha juu, na mwisho kukaa kwenye benchi na kusimama mara nane, pumzika, mara nane tena. Nilikuwa nasimama kwa kujisukuma na mikono na akaniambia ni sawa, tumia mikono, wiki ijayo mkono mmoja. Dakika 25 nimemaliza nimerudi nyumbani nina nguvu ya kupika.

Kwenye kuvuta chuma cha juu kulikuwa na tatizo, zile sponji za kubana mapaja hazikunitosha, hata zikipandishwa mpaka mwisho mapaja yananasa. Hapo ningeweza kuona aibu nikaacha, lakini yeye akahama haraka tu kama kawaida, akaniweka kwenye kamba ya chini nivute nimekaa. Mwezi wa nne nikaingia kwenye ile mashine. Sasa hivi legi presi nasukuma kilo 70.

Spidi anapima kwa maongezi. Ukiwa kwenye baiskeli anakuja kukuuliza habari za watoto, ukiweza kujibu sentensi nzima ila huwezi kuimba basi uko pazuri, ukishindwa hata kujibu anakupunguzia. Na alinieleza mapema kuhusu maumivu, kwamba misuli itaanza kuuma kesho yake, kesho kutwa ndo itakolea, baada ya hapo inaachia yenyewe, hayo yavumilie. Ila maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, kifua kubana, kizunguzungu, acha hapo hapo useme. Kuna watu wanaacha jimu siku ya tatu wakidhani wameumia kumbe ni misuli tu haijazoea, hakuna aliyewaambia.

Chakula hakunipa ratiba ya mikaratasi. Aliniuliza chai, nikasema vikombe vitatu kwa siku, vijiko vinne vinne. Akapiga hesabu, kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4 za sukari, kwa hiyo gramu 48 kwenye chai peke yake, wakati inashauriwa mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku na ikiwa 25 ni bora zaidi, na hapo soda bado na maandazi bado. Nimeshuka mpaka kijiko kimoja na tangawizi nyingi. Ugali nakula, chapati nakula siku ya Ijumaa.

Niongelee nguo kidogo maana hili ni la fani yangu na nimeona linawakwamisha wengi. Kariakoo taiti za mazoezi wanakwambia frii saizi, hiyo frii saizi inaishia magotini kwangu. Na hata ukipata inayopita, mshono wa katikati ya mapaja unakuchuna mpaka unatoka na vidonda, mapaja yanasagana, jasho la Dar linaongezea chumvi, kesho yake huwezi kutembea na unaona kama mazoezi ndo hayakufai. Nilijishonea mwenyewe. Chukua kitambaa kinachovutika chenye pamba ndani yake, usichukue kile cha nailoni tupu kinachoteleza. Katikati ya miguu usikutanishe mishono minne kwa pamoja, kata kipande cha pembe nne kama mashua ukiweke pale, mishono inasogea mbele na nyuma, haigusi sehemu ya kusagana. Kiuno weka mkanda mpana wa kitambaa hicho hicho unaopita juu ya kitovu, lastiki nyembamba inajikunja chini ya tumbo ukiinama. Juu nimevaa tisheti ndefu mpaka mapajani. Na Vaseline ndani ya mapaja kabla ya kutoka nyumbani, usisubiri uchubuke. Sidiria pia iwe ya kubana yenye mikono mipana, ukivaa ya kawaida mabega yatakuuma kuliko miguu. Nimeshawashonea dada wanne pale jimu na wote bado wanakuja.

Tuje kwenye mabaya.

Chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake kina pazia, hakina mlango. Nimeshasema mara tatu. Pazia lenyewe fupi na feni ya ukumbini inalipeperusha. Mtu mwenye mwili kama wangu hapo ndo sehemu anayoiogopa kuliko zote na mlango wa mbao siyo hela ya kumshinda mtu aliyenunua mashine zote zile. Mimi naenda nimevaa kabisa na dera juu yake, nikifika navua dera tu.

Umeme ukikatika jenereta inawasha taa na muziki, feni haziwaki. Kuanzia Desemba mpaka Machi mnajua joto la hapa lilivyo na unyevu wake, ukumbi ukiwa umefungwa ni hatari, nimeona mama mmoja akitolewa nje anapepewa. Umeme ukikatika mimi naondoka, na ningeshauri kila mwenye presha aondoke.

Mapokezi wanauza ile mikanda ya kubana tumbo na chai za kupunguza unene. Hili limeniumiza kwa sababu linabomoa kazi ya kocha wao wenyewe. Mkanda unakutoa jasho, jasho ni maji, ukinywa maji kilo inarudi. Hakuna mkanda unaochagua mafuta ya tumboni, mwili unapunguza unapotaka wenyewe. Na wapo wanaojifunga mifuko ya nailoni tumboni kisha wanaenda kwenye erobiki, kwenye joto la Dar, mwili unashindwa kupoa, mtu anaweza kuanguka. Kocha anawakataza akiwepo, akitoka dada wa mapokezi anauza. Nilishamwambia mwenye jimu uso kwa uso kwamba hii siyo sawa akaniambia ni biashara ya mtu mwingine imepangishwa pale. Ni mlango wako baba, ni jina lako.

Erobiki ya jioni saa 12 wanapiga singeli, ni nzuri sana kwa wazoefu, lakini singeli inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika na mtu anayeanza akijaribu kufuata kila pigo magoti yatamlipua. Nilijaribu mara moja nikatoka dakika ya tano. Ila Jumamosi saa 4 asubuhi kuna darasa la wanaoanza, wanaweka rumba na dansi za zamani, unapiga hatua pembeni, unanyanyua mkono, kuna wamama wa miaka sitini, hilo nalipenda kutoka moyoni. Wangeliongeza liwe hata mara mbili kwa wiki.

Mashine za kukimbilia zipo tatu na zina stika ubavuni inayoonyesha uzito wa mwisho kilo 130. Ukiwa juu ya hapo angalia stika kwanza popote utakapoenda, hizi mashine hazifanani, na wafanyakazi wengi hawajui hata kama hiyo stika ipo. Mabenchi ni membamba, ukilala uwe na mtu wa kukushika mkono wa kuinuka.

Bei ni elfu 60 kwa mwezi, kujiandikisha elfu 20 mara moja, siku moja moja elfu 5. Kocha wa peke yako ni hela ya juu, mimi sikuchukua, ile ya mwanzo yote amenifanyia ndani ya elfu 60. Ila naomba mnielewe, yupo kocha mmoja tu wa namna hii pale, wa jioni ni kijana mzuri ila muda mwingi yupo kwenye simu, ukienda jioni ukiwa mgeni utazunguka mashine peke yako na utakata tamaa. Kwa hiyo jimu ile ile moja, asubuhi naipa nyota tano, jioni naipa mbili.

Matokeo yangu nayasema kama yalivyo. Miezi mitano, siku tatu kwa wiki, nakosa moja moja kukiwa na kazi za harusi. Kilo zimeshuka tisa, niko 103. Kiuno 113. Mwezi wa pili mzima mzani haukusogea hata nusu kilo na nilitaka kuacha, kocha akafungua daftari akanionyesha benchi, wiki ya kwanza nilisimama kwa mikono miwili, wiki ya nane mara kumi na mbili bila mkono. Presha mara ya mwisho 132 kwa 84, dawa sijaanza, daktari amesema tuendelee kuangalia. Siku nyingine natembea mtaani nusu saa jioni, maana inashauriwa kufika dakika 150 kwa wiki na jimu peke yake hainifikishi.

Na kiti. Mwezi wa nne, Ijumaa moja, nilitandika mswala chini nikajaribu. Nilisujudu, nikainuka kwa kushika kitanda, rakaa ya pili nikainuka kwa mkono mmoja sakafuni. Mwanangu alisimama mlangoni hakusema kitu, alikuja akakitoa kile kiti akakipeleka uani.

Ukitaka kuja, njoo asubuhi kati ya saa 3 na saa 5, hakuna watu wengi na kocha mwenyewe yupo. Kapime presha kabla usipoteze siku. Beba maji yako lita moja na nusu, yale ya pale mara nyingi yameisha. Wakikuuzia mkanda kataa. Mimi nipo Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, nina tisheti ndefu ya kijani, huwa niko kwenye baiskeli ya kukaa karibu na dirisha, ya pembeni yangu mara nyingi haina mtu.